Albamu ya metali ya giza: namna ya kuirekodi chumbani, Mombasa

Albamu ya metali, yaani roki nzito, ya kujichungua nafsi haihitaji kelele nyingi. Inahitaji nafasi: noti iachwe ilie mpaka iishe, ngoma ipigwe kisha inyamaze, mwimbaji asikike akivuta pumzi. Wanaoanza hufanya kinyume. Hufungua gaini (nguvu ya mkwaruzo wa gitaa) yote, hujaza kila kipimo noti, na kazi ikitoka husikika kama redio iliyopoteza stesheni. Maelezo haya ni ya bendi ya watu wawili watatu, au mtu mmoja, mwenye chumba cha futi 10 kwa 10, kompyuta ya mkononi na kadi ya sauti yenye matundu mawili ya kuingizia. Vyatosha kwa nyimbo 7 za dakika 5 hadi 7, yaani dakika 40 na kitu. Usizidishe. Muziki wa aina hii huchosha sikio mapema, na dakika 40 pia zinaingia kwenye santuri bila kubanwa, takriban 20 kila upande.

Anza na maneno

Andika mashairi kabla ya rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mkazo huo usipokutana na pigo la ngoma, maneno yatasikika kama yametafsiriwa hata kama mtunzi kazaliwa Kibokoni, Mji wa Kale. Bahati nzuri, washairi wa pwani wametuachia chombo cha kazi hii. Mshororo wa utenzi una mizani 8, na kipimo cha 4/4, chenye mapigo manne, kina nusu-pigo 8. Vinalingana moja kwa moja. Chukua ubeti huu wa mfano:

Usiku haunitoki,
mlango haufungiki,
na maji hayazoleki,
kumbe mimi ni kisima.

Hesabu silabi ukigonga meza, na ukumbuke kwamba "m" ya mlango ni silabi kamili. Katika kila mshororo, silabi ya 7 ndiyo yenye mkazo: to, ngi, le, si. Nusu-pigo ya 7 ni pigo la nne la kipimo, na hapo ndipo snea, ile ngoma yenye mlio mkali, hulia katika mdundo wa kawaida wa 2 na 4. Kwa hiyo ukianza mshororo kwenye pigo la kwanza, mkazo wa mwisho unaiangukia snea wenyewe. Mshororo wa nne una ziada: "mimi" imekazwa kwenye silabi ya 3, ambayo ni pigo la pili, hivyo snea zote mbili zinapata neno. Ndiyo sababu unasikika kama hukumu kuliko ile mitatu ya juu.

Tatizo huja mdundo ukikatwa nusu, jambo ambalo metali ya polepole hulipenda: snea inalia mara moja tu, kwenye pigo la tatu. Ukiimba vilevile, mkazo utaanguka penye utupu na mshororo utaonekana kuchelewa. Dawa yake ni kuanza kuimba nusu-pigo mbili kabla ya kipimo, kwenye pigo la nne la kipimo kilichotangulia. Silabi ya 7 itaangukia nusu-pigo ya 5, palepale ilipo snea.

Kosa jingine la kawaida ni kuvuta silabi ya mwisho: "haunitokiii". Masikio yaliyozoea roki ya Kiingereza hufanya hivyo bila kujua. Kiswahili kinataka "haunitoooki". Vuta yenye mkazo, ya mwisho iache idondoke.

Angalia pia irabu. Mngurumo wa koo hufunguka vizuri kwenye a na o. Kwenye i mdomo unabana na sauti inakonda. Kina cha "ki" kama hapo juu kinafaa mnong'ono au sauti safi. Mngurumo uingie kwenye "kisima". Panga vina vyako kwa kuzingatia nani ataimba nini. Kama nyumbani mwazungumza Kimvita, imbeni Kimvita. Zaidi ya kuwa lugha ya moyo, kuna faida ya maikrofoni: "ch" ya macho hurusha mchachato mkali wa sauti za juu, "t" ya mato (macho kwa Kimvita) hurusha kidogo tu.

Kuhusu yaliyomo, epuka kurundika giza, damu, jeneza na kifo katika ubeti mmoja. Yakiwa manne hayatishi tena. Shika kitu kimoja ambacho mkono umewahi kukigusa: kisima cha maji ya chumvi, mlango usiofungika, kitanda cha mgonjwa. Kwamba vina na mizani vinaweza kubeba uchungu wa mtu aliyefungiwa peke yake si jambo la kubahatisha. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, na kitabu kikatoka 1973. Kisome uone jinsi kanuni kali inavyozuia maneno yasilie ovyo.

Rifu

Kulegeza gitaa hakukuanza kama mbwembwe. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham, alilegeza nyuzi ili zisimuumize, na kufikia albamu yao ya tatu mwaka 1971 nyimbo kadhaa zilikuwa zimeshuka hadi C# badala ya E ya kawaida. Wewe shuka hadi pale sauti ya mwimbaji inapokaa vizuri. Mara nyingi C yatosha. Ukienda B au chini zaidi, besi na gitaa huanza kugombania nafasi moja na kazi ya kuchanganya inakuwa ndefu.

Kwa rangi ya giza, tumia ngazi ambayo masikio ya pwani tayari yanaijua kutoka taarabu na kaswida: Hijaz. Kwenye uzi mmoja ni uzi wazi, kisha freti ya 1, 4, 5, 7, 8, 10 na 12. Giza lenyewe liko kwenye nusu toni kati ya uzi wazi na freti ya 1. Mruko wa kutoka 1 hadi 4 ni mtamu mno, ukitumiwa kila kipimo rifu inageuka kuwa muziki wa filamu ya jangwani. Kaa kwenye 0 na 1, pumzika kwenye 8, na ile 4 uitunze mpaka mwisho wa sehemu. Freti ya 6, ambayo haimo kwenye ngazi, iguse mara moja pale unapotaka sakafu ipotee.

Mwendo wa mapigo 58 hadi 72 kwa dakika ndio uwanja wa kazi hii. Weka angalau nyimbo mbili za 110 hadi 130, la sivyo msikilizaji atasinzia kwenye wa nne.

Gitaa na hewa ya chumvi

Kwa gitaa la urefu wa inchi 25.5 lililotuniwa C, funga nyuzi za unene wa 12 hadi 56 (sehemu za elfu za inchi). Kwa B, 13 hadi 62. Nyuzi za 10 hadi 46 zitalegea, na kila ukipiga kwa nguvu noti itaanza juu kisha ishuke. Hilo likitokea kwenye gitaa nne kwa pamoja, sauti nzima inakuwa chafu na hutajua chanzo. Baada ya kubadilisha unene, liache gitaa siku mbili lizoee, ndipo urekebishe shingo na vidaraja, vile vichuma vinavyobeba nyuzi upande wa tumbo. Linganisha sauti ya kengele (uzi uguswe tu, usibanwe) kwenye freti ya 12 na noti iliyobanwa hapohapo: iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kidaraja nyuma, ikiwa chini, kisogeze mbele. Tuni kwa nguvu ileile utakayopigia, si kwa kugusa taratibu.

Hewa ya Mombasa ina unyevu wa asilimia 70 na zaidi siku nyingi, ilhali gitaa hupenda 45 hadi 55. Mbao hunywa maji, shingo hupinda, nyuzi huinuka. Weka gitaa kwenye kasha lililofungwa pamoja na chenga za silika, zile za kunyonya unyevu, zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zimimine kwenye trei ya chuma na uzikaushe ovenini kwa nyuzi joto 110 hadi 120 kwa saa mbili. Zile pakiti ndogo za kwenye maboksi ya viatu ni chache mno kwa kasha zima. Kitu cha kuepuka kabisa ni kutoa gitaa chumba chenye eisii na kuanza kurekodi varandani. Lipe nusu saa.

Chumvi hula nyuzi haraka. Futa kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba baada ya kila kikao. Weka nyuzi mpya kila nyimbo mbili za gitaa la rifu. Za besi ni ghali, na zinaweza kuchemshwa kwenye maji dakika 10 zikaushwe vizuri: uchafu hutoka na mng'ao hurudi kwa siku chache. Zilizoshika kutu hazifufuki. Matundu ya jeki na vitufe vinavyokwaruza visafishwe kwa dawa ya kusafishia miunganisho ya umeme, si kwa mafuta ya kulainisha bawaba.

Stima

Umeme wetu ni volti 240 na Hz 50, kwa hiyo mvumo unaousikia kwenye gitaa uko kwenye 50, 100 na 150. Chanzo kikubwa ni kukosa waya wa ardhi. Ule mtindo wa kusukuma kifuniko cha tundu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie hukata ardhi kabisa: gitaa linavuma, unaposhika nyuzi mvumo unabadilika, na mkono ukigusa maikrofoni unaweza kupigwa shoti. Tumia adapta ya pini tatu na ekstensheni moja kwa vifaa vyote vya kurekodia. Friji na feni vikae ukuta mwingine. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Mara nyingi hapo ndipo unapokatika.

Stima ikipotea katikati ya teki (mara moja ya kurekodi), UPS, yaani betri ya dharura, ndogo ya VA 650 hukupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Weka programu ijihifadhi kila dakika 5. Traki (sauti moja iliyorekodiwa peke yake) ya biti 24 na 48 kHz hula takriban MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 6 wenye traki 30 ni kama GB 1.6. Albamu nzima inaingia kwenye flashi ya GB 32 pamoja na majaribio. Hakuna sababu ya kutokuwa na nakala mbili, moja nje ya nyumba.

Chumba

Kuta zetu za mawe ya matumbawe na plasta ngumu hurudisha sauti kama kisima. Piga kofi katikati ya chumba: ukisikia mlio wa "tririri" ukifa taratibu, utausikia pia kwenye sauti ya mwimbaji. Trei za mayai hazisaidii. Hutawanya kidogo sauti za juu, basi, na zikishika moto huwaka upesi. Nenda Kongowea ununue mablanketi mazito ya mitumba. Tengeneza fremu 4 za mbao, sentimita 120 kwa 60, kina cha sentimita 15, zijaze mablanketi yaliyokunjwa, uzifunike kwa leso. Zitundike sentimita 5 hadi 10 mbali na ukuta, maana hewa iliyo nyuma huongeza kazi yake kwenye sauti za chini. Mbili ziende kushoto na kulia kwako, pale ambapo mtu akitembeza kioo ukutani unaiona spika. Moja nyuma ya kichwa, moja juu. Godoro zito la sufi lililosimamishwa kwenye kona ni bora kuliko la sponji jepesi.

Chumba cha mraba cha futi 10 kina ugonjwa mmoja usioponyeka kwa mablanketi. Urefu na upana vikiwa sawa, sauti ya karibu Hz 57 huvimba maradufu. C ya gitaa lako ni Hz 65 na B ni 62, jirani kabisa. Kwa hiyo utasikia besi nyingi kuliko iliyopo, utaipunguza, na nje ya chumba albamu itakuwa nyembamba. Kaa asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, kama mita 1.15, na maamuzi yote ya chini ya Hz 120 yafanye kwa hedifoni.

Kelele za mji zina ratiba. Tuktuk na matatu hupungua kuanzia saa nne usiku, adhana ya alfajiri hufika mnamo saa kumi na moja, na kunguru huanza kabla jua halijatoka. Basi vitu laini kama gitaa la akustika, udi (ala ya nyuzi ya taarabu) na minong'ono virekodiwe kati ya saa nne na saa kumi za usiku. Gitaa la umeme na besi vinaingia moja kwa moja kwenye kadi, kwa hiyo virekodi mchana, feni ikizunguka. Izime tu kwa maikrofoni. Mngurumo pia ni wa mchana. Jirani akisikia mayowe saa sita za usiku atatoka na rungu kuja kuokoa mtu, na atakuwa na haki. Mwambie mapema, siku na saa.

Kuna wanaopenda kuchanganya adhana au dhikri iliyonaswa dirishani ili kuongeza "hali". Tusifanye hivyo. Ni ibada ya watu, si pambo la giza letu. Ukitaka sauti ya mahali, nenda ufukweni Mama Ngina asubuhi mapema urekodi maji yakigonga miamba, simu ikiwa imevishwa soksi nene kuzuia upepo, kisha ukate yote yaliyo chini ya Hz 150. Mvua juu ya mabati nayo haikosi kufaa.

Kurekodi gitaa

Rekodi sauti kavu, kabla ya amplifaya, vilele vikifika dB -12. Amplifaya iwe ndani ya kompyuta; programu ya Neural Amp Modeler ni ya bure na inatosha kwa albamu. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, iwe sampuli 64 au 128. Kompyuta ikipata moto huanza kutoa vidondoo vya kelele, kwa hiyo inyanyue juu ya vipande viwili vya mbao hewa ipite chini.

Sasa gaini. Anza na 4 kati ya 10. Tanguliza pedali ya ovadraivu: draivu 0, kiwango 8 hadi 10, toni nusu. Kazi yake ni kukata besi kabla ya amplifaya ili noti nene zisivurugike. Piga noti ya kubana kwa kiganja, moja tu, usikilize. Kwanza unapaswa kusikia piki ikigusa uzi, "tk", halafu uzito. Kama "tk" haisikiki, gaini imezidi. Punguza mpaka uhisi imekuwa ndogo mno gitaa likiwa peke yake, maana gitaa za pili na tatu zitajazia.

Kila rifu ipigwe mara mbili, teki mbili tofauti, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Kunakili traki na kuisogeza milisekunde 20 si kuipiga mara mbili. Mtu akisikiliza kwa spika moja ya simu, gitaa litapotea nusu. Sehemu za kilele zipigwe mara nne, na gaini ya zile mbili za nyongeza iwe chini zaidi.

Geti la kuzima kelele halifai kwenye nyimbo za polepole. Noti inayokufa kwa sekunde 6 hukatwa kwenye ya nne, na pale pa kukatwa ndipo palipokuwa na huzuni. Safisha kwa mkono: kata kimya kati ya rifu, na mwisho wa noti ufifishe kwa kufuata mkia wake.

Kwa sehemu safi, tumia pikapu (kinasa-sauti cha gitaa) ya shingoni, zungusha kitufe cha toni hadi 5, piga kwa nyama ya kidole gumba. Udi ukialikwa, maikrofoni ielekee pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa sentimita 25 hadi 30. Mbele ya tundu huvuma tu. Pataneni na mpigaji kuhusu ufunguo wa wimbo mapema, kwani kuulegeza udi toni mbili ili ufuate gitaa lako ni kuunyang'anya sauti.

Besi iwe na uzi mnene wa angalau 110. Igawe traki mbili: ya chini ya Hz 200 ibaki safi na ibanwe kwa kompresa, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ya juu ipewe distoshoni, yaani mkwaruzo. Hiyo ya juu ndiyo itakayosikika kwenye simu.

Ngoma

Kwa matundu mawili, panga ngoma kwenye kompyuta. Hakuna aibu. Kinachoharibu ni uvivu: kila pigo likiwa na nguvu 127, ya juu kabisa, ngoma inakuwa cherehani. Mapigo makuu yaweke 108 hadi 120, yakibadilika kidogo kila mara. Mapigo ya mzimu ya snea, yale madogo ya kugusa tu, 30 hadi 45. Mpigaji ana mikono miwili, kwa hiyo matoazi hayawezi kuendelea huku mikono yote iko kwenye tomu. Sogeza snea nyuma ya mstari kwa milisekunde 6 hadi 12 kwenye nyimbo za polepole, kiki, ngoma ya mguu, ibaki penye mstari. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya mwili uhisi kama unaburuta kitu. Kwenye kiitikio, shusha mwendo kwa pigo 2 kwa dakika. Wengi huharakisha hapo, na giza linakimbia.

Sauti ya mtu

Maikrofoni ya dainamiki, sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, juu kidogo ya usawa wa midomo. Maikrofoni ya kondensa chumba kisichotulizwa hunasa ukuta kuliko mtu. Usiizibe kwa viganja: hupunguza maneno, na Kiswahili chenye irabu nyingi huwa matope.

Mngurumo hutoka kwenye tishu zilizo juu ya nyuzi za sauti, hewa ikisukumwa na tumbo, koo likiwa wazi kama mtu anayepiga mwayo. Ukifanywa sawasawa si wa kelele sana. Nguvu huongezwa na kadi. Pasha sauti dakika 10 kwa kuimba taratibu, imba dakika 30, pumzika. Kuwasha koo ni onyo, maumivu ni amri ya kuacha, ladha ya damu ni safari ya daktari. Maji ya kawaida, si ya barafu. Siku moja, wimbo mmoja.

Mnong'ono na sauti safi zahitaji subira zaidi, kwani hapo ndipo albamu ya kujichungua inapofaulu au kuanguka. Mwimbaji akae chini, taa izimwe, asome beti kwa kuongea mara tatu kabla ya kuziimba. Pumzi kati ya mishororo usizifute zote. Zipunguze dB 6, zibaki.

Kuchanganya

Anza na snea na sauti ya mtu, kisha besi, kisha gitaa. Ukianza na gitaa utaziacha juu mno. Gitaa zikatwe chini ya Hz 80 na juu ya Hz 10,000. Matope yaliyopo kati ya 250 na 400 yapunguze dB 2 au 3, si zaidi, maana joto la muziki huu liko hapohapo. Matoazi makali hushughulikiwa kati ya Hz 3,000 na 5,000. Sauti ya mtu ibanwe dB 8 hivi na kompresa ya 6:1, michachato ya s na sh ishushwe kati ya 5,000 na 8,000.

Mwangwi mrefu uwe wa giza: chini ya Hz 250 kata, juu ya Hz 4,000 kata. Upeleke kwenye snea, sauti na gitaa safi. Gitaa nzito zisipewe kitu. Zenyewe ni ukuta, na ukuta wenye ukungu hauonekani. Mwangwi wa kurudia uhesabiwe: 60,000 gawanya kwa mapigo kwa dakika. Kwa mwendo wa 60 ni milisekunde 1,000. Kwa 70 ni 857.

Sehemu za utulivu zibaki tulivu. Kishawishi ni kuzipandisha zilingane na za kilele. Ukifanya hivyo, kilele hakina pa kupandia.

Sikiliza kwa simu ya bei ndogo, kwa spika ya sebuleni, na ndani ya gari. Kama besi haifuatiki kwenye simu, ongeza distoshoni ya traki ya juu ya besi badala ya kupandisha ya chini.

Masta, yaani kazi iliyokamilishwa, iishie karibu na LUFS -10 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele halisi dB -1. Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo hadi -14, kwa hiyo kubana mpaka -6 hakukupi sauti kubwa zaidi huko. Kunakupa snea iliyokufa. Faili za mwisho ziwe WAV za biti 24, kila wimbo na namba yake ya ISRC, ile ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, na mashairi yasajiliwe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kutolewa.

Kati ya nyimbo nzito acha sekunde 4 hadi 5 za ukimya, kati ya nzito na tulivu 2 zatosha. Wimbo wa mwisho uachie sekunde 8 za sauti ya chumba baada ya uzi kuzima, kisha ufifishe kwa 3. Faili likikatwa ghafla, msikilizaji hudhani simu imeisha chaji.